Bi Pimbi na Waliojua Kufunga

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa na vibanda na madeni kama sisi, aliishi Pimbi mmoja aliyeuza uji wa ulezi katika gulio la Mwambani. Kila mtu alimwita Bi Pimbi, hata wale ambao siku za kawaida walikuwa na desturi ya kula pimbi. Sheria ya gulio ilisema hakuna kumla mfanyabiashara akiwa kazini. Njiani kurudi nyumbani, sheria haikusema kitu.

Bi Pimbi alikuwa mjane. Mume wake alichukuliwa na tai mwaka uliopita, na hakuna aliyemlaumu sana yule tai, maana naye alikuwa na makinda. Tangu hapo watoto walikula kwa kibanda kile cha uji, na kwa kibanda kile tu.

Uji wenyewe ulikuwa mzuri. Alichekecha unga mara mbili, akatia ukwaju, akakoroga bila kupumzika mpaka sufuria ikaanza kusema bwaku, bwaku, bwaku. Kulipokucha foleni ilikuwa imeshafika kwenye mti wa mpaka wa gulio. Jua likipanda kidogo, uji ulikuwa umekwisha na nusu ya foleni imeondoka inanung'unika.

Ndipo alipokwenda kwa Mzee Tembo, mwenye ghala la nafaka. Mzee Tembo hakuwa mbaya. Alikuwa hasahau tu, na mtu asiyesahau huonekana mkali hata akiwa amenyamaza. Alimkopesha gunia la ulezi na sufuria ya pili, akampa sharti moja: mvua za kwanza zikinyesha, atakuja kibandani kuchukua gunia lake, na atakuta mtunza hesabu aliyekwisha kufunga hesabu. Zikiwa hazijafungwa, au zimefungwa ovyo, atachukua sufuria zote mbili na kibanda juu yake.

"Siwezi kujihesabia mwenyewe?" Bi Pimbi aliuliza.

"Kila anayejihesabia mwenyewe hupata jibu analolipenda," alisema Mzee Tembo. "Tafuta mtu. Kufunga hesabu unakujua?"

Bi Pimbi alikiri kuwa hajui. Mzee Tembo akamweleza taratibu, bila kumcheka: ni kukusanya vyote vilivyoingia, kukusanya vyote vilivyotoka, kuvilinganisha, kisha kusema mbele ya mwenye mali, hiki ndicho kilichobaki. Bi Pimbi akashukuru, akabeba sufuria kichwani, akaenda zake.

Habari za kazi hazikai mahali pamoja. Kabla ya gulio lililofuata, watu watatu walikuwa wamekuja kuiomba.

Wa kwanza alikuwa Fisi. Alimwita Bi Pimbi shemeji, ingawa hakuna aliyejua ushemeji ule uliingilia wapi. Alieleza kwamba ndiye aliyeshika michango ya misiba bonde zima, na kwamba hakuna marehemu hata mmoja aliyewahi kulalamika.

Wa pili alikuwa Nyani. Alivaa miwani isiyo na vioo, na alikuwa amesoma mbali, kwa maelezo yake mwenyewe. Alizungumza juu ya mtaji, mzunguko na mwelekeo kwa muda mrefu, na alipoondoka Bi Pimbi aligundua kuwa ndizi za watoto zilizokuwa kando ya mlango nazo zimeondoka.

Wa tatu alikuwa Simba. Huyu hakuomba. Alisimama mlangoni mpaka kibanda kikawa giza, akasema, "Nimesikia unatafuta mtu. Gulio lijalo naanza."

"Ahsante, Mzee," alisema Bi Pimbi. Nyinyi mngesema nini?

Akarudi nyumbani, akalala juu ya jiwe kuota jua, kama pimbi wote wanavyofanya wakiwa na jambo, na hata wasipokuwa nalo. Alijua kwamba yeyote kati ya wale watatu akishika hesabu zake, mvua zitakuta kibanda kitupu. Alijua pia kwamba mtu mwenye urefu wa upawa hamwambii Simba hapana, kisha akapita njia ya vichakani jioni. Kuwakataa hakuwezekani. Ilibidi wajikatae wenyewe.

Akalifikiria neno lile alilofundishwa na Mzee Tembo. Kufunga. Neno hili, wanangu, lina kazi nyingi kuliko punda. Anayeacha kula tangu alfajiri amefunga. Aliyetia kamba mzigo amefunga. Aliyetia komeo mlangoni naye amefunga. Yeye mwenyewe asingejua kufunga hesabu ni kufunga kwa namna gani kama asingeuliza. Sasa akajiuliza: wale wakubwa watatu, kuna mmoja wao atakayeuliza?

Siku ya gulio ilipofika, alibandika sufuria zake nje, akawapanga waombaji kwenye benchi mbele ya foleni nzima. Akawaambia kwa unyenyekevu kwamba yeye ni mdogo, hana kipimo cha kuwapima watu wa hadhi ile, na kwa hiyo ataajiri yeyote ambaye kazi itamkubali.

"Kazi ya hesabu mwisho wake ni kufunga," alisema. "Kaka Fisi, wewe kufunga unakujua?"

Fisi hakumwacha amalize. Mtu ambaye mawazo yake hayajawahi kutoka tumboni, neno kama lile hulisikia kwa tumbo.

"Mimi?" alisema. "Shemeji, mimi nafunga tangu utotoni. Mwaka wa ukame nilifunga mpaka ndugu zangu wakaanza kugawana vitu vyangu."

Bi Pimbi akainamisha kichwa kwa heshima.

"Basi anza leo," alisema. "Utakaa hapa karibu na sufuria, uwe unatazama kinachoingia na kinachotoka, na utakuwa umefunga mpaka gulio livunjike. Ukimaliza leo, utaendelea hivyo mpaka mvua."

Fisi akatazama sufuria. Sufuria ikasema bwaku. Aliwahi kujigamba mara nyingi maishani, lakini si mara nyingi alitakiwa kuonyesha papo hapo. Akakaa. Wateja wakaja, wakanywa mbele ya pua yake, fyuu, fyuu, na kila aliyemaliza alilamba bakuli kwa kuhurumia uji uliobaki. Mate yalimjaa Fisi mdomoni, akayameza, yakarudi. Jua lilipofika utosini, alisimama akasema amekumbuka kuna msiba.

"Wa nani?" akauliza mmoja kwenye foleni.

"Bado hatujajua," alisema Fisi, akaondoka kwa haraka ya mtu mwenye majukumu.

Nyani alikuwa amecheka sana. Alieleza kwa waliokuwa karibu kwamba ndiyo matokeo ya kuajiri watu wasio na elimu. Kufunga kunakotajwa katika hesabu, alisema, si kwa tumbo, ni kwa mikono, na kunataka vifaa. Akaomba kamba.

Bi Pimbi akampa kamba. Hakuongeza neno. Kumpa msomi maelezo ambayo hajayaomba ni kumkosea adabu.

Nyani akaanza na mabakuli. Akayafunga kwa safu. Akafunga miiko, akafunga gunia, akafunga benchi kwenye nguzo, na Ngiri aliyekuwa amekaa kwenye benchi akafungwa mguu kwa bahati mbaya. Kila fundo alilitaja jina lake. Watu walikuwa wanamwuliza uji watanywea nini, naye aliwajibu kwamba katika kipindi cha kufunga huduma husimama, hilo linajulikana kila mahali. Alipofika kwenye nguzo ya mwisho alivuta kwa nguvu, akaridhika, akageuka aondoke kwa madaha. Mkia wake haukugeuka naye. Ulikuwa ndani ya fundo.

Pu!

Miwani ilianguka, na kwa kuwa haikuwa na vioo haikuvunjika. Ilichukua muda kumfungua yeye na mabakuli, maana mafundo yalikuwa ya kitaalamu na mwenyewe hakukumbuka aliyaanzia wapi. Alipopata mkia wake, alisema biashara hii bado changa mno kwa mtu kama yeye, akaenda. Hakuna aliyembishia. Pengine alikuwa anasema kweli.

Akabaki Simba.

Simba alikuwa ameyatazama yote bila kubadilisha uso. Hakuhitaji kuulizwa. Aliinuka, akaingia kibandani, akautia mlango komeo kwa ndani. Kah!

"Nimefunga," sauti ilisema kutoka ndani. "Nani atachukua kitu hapa?"

Ilikuwa hoja nzito. Hakuna aliyetaka kuchukua kitu. Bi Pimbi akasogea kwenye ufa wa ukuta, akasema Mzee amefunga vizuri kuliko wote, na kwamba sasa kinachobaki ni kukaa humo humo mpaka mvua za kwanza, maana mtunza hesabu akishafunga hafungui mpaka mwenye mali aje. Kisha akarudi kwenye moto wake. Alikuwa ameuwasha upande unakotoka upepo, na ukuta wa kibanda ulikuwa wa fito tupu.

Moshi ukaingia. Simba akakohoa mara ya kwanza kama mtu anayesafisha koo. Akakohoa tena. Baadaye kukawa na kikohozi ambacho hata adui asingeweza kukiita kusafisha koo. Foleni ilikuwa inatazama chini, kila mtu kwenye bakuli lake. Kumwona mkubwa akiaibika ni hatari, na waliokuwepo walijua hivyo.

Bi Pimbi naye alijua. Hakutaka aibu ya Simba. Alitaka kibanda chake. Akaenda kwenye ufa, akanong'ona ili mwingine asisikie.

"Mzee, tangu asubuhi roho inanisuta. Kazi hii ya kukaa jikoni si ya hadhi yako. Nikiwaambia watu kwamba umeikataa, utakasirika?"

Kikohozi kingine kikatoka ndani.

"Waambie nimeikataa," alisema Simba. "Na waambie nilikataa tangu asubuhi."

Akatoka machozi yakimtiririka, akapita katikati ya watu, na wote wakamwamkia. Jioni ile Bi Pimbi alipita njia ya vichakani, na hakuna aliyemgusa.

Lakini bado hakuwa na mtu wa hesabu, na upande wa milimani mawingu yalikuwa yameanza kukaa vibaya.

Gulio lililofuata, Kanga alikuwa kwenye foleni na bakuli lake. Alikuwa ameona mambo yote ya siku ile na hakucheka. Alipofika mbele alisema amesikia kazi bado ipo.

"Kazi yenyewe ni kufunga hesabu," alisema Kanga. "Za kuanzia lini?"

Bi Pimbi akaacha kukoroga. Katika watu wote waliokuja, huyu ndiye wa kwanza kumwuliza kitu.

Kanga akaendelea kuuliza. Aliyekopesha ni nani, alitoa nini, na anataka kurudishiwa nini? Nani wengine wanashika upawa? Ushuru wa gulio unalipwa kwa nani? Akasema malipo yake ni kibaba cha ulezi kila gulio, biashara ikipata au ikikosa, maana akilipwa kwa fungu la faida atatamani kuiona faida hata pasipokuwa nayo. Akasema pia kwamba mambo ya ushuru hayajui vizuri, na kwa hayo Bi Pimbi aende kwa Korongo pale langoni, ndiye aliyeyasomea.

"Umewahi kumfanyia nani kazi?" aliuliza Bi Pimbi.

"Nungunungu, muuza mikeka. Nenda kamwulize. Mimi nisiwepo."

Bi Pimbi akaenda. Nungunungu alifikiri sana kabla ya kujibu.

"Simpendi," alisema hatimaye. "Kila akija ananiharibia siku. Nipo naye tangu mwanangu wa kwanza hajaota miiba, na sina mpango wa kumwacha."

Basi Kanga akaajiriwa. Siku nzima ya gulio alikaa kwenye kigoda na makopo mawili. Kila bakuli lililotoka, punje ya maharage iliingia kopo la kushoto. Kila bakuli lililolipwa, punje iliingia kopo la kulia. Hakuzungumza na mtu. Magulio yakapita hivyo, na Bi Pimbi alimsifu kwa kila mteja.

Jioni moja, mkesha wa gulio, Kanga akamwita kibandani. Kopo la kushoto lilikuwa limejaa mpaka linamwagika. Kopo la kulia, ukilitikisa, lilikuwa na nafasi ya kupiga kelele.

"Tunaibiwa," alisema Bi Pimbi. "Nilijua. Ni Fisi?"

"Si Fisi. Fisi hajanusa hapa tangu siku ile. Ni shangazi yako, na mabinti zake, na wale wajomba wa mwamba wa juu, na watoto wa jirani wanaokuita mama mdogo. Wanakuja kila gulio, unawapimia, hawalipi."

"Hao si wateja," alisema Bi Pimbi. "Hao ni nyumbani."

"Uji wao unatoka sufuria gani?"

Bi Pimbi alikuwa hajawahi kuuona ule uji ukitoka. Kwa macho yake, alichompa ndugu kilikuwa bado kipo.

"Gunia la Mzee Tembo halitarudi lote," alisema Kanga. "Nimehesabu tena na tena."

Radi ikapiga mbali, nyuma ya milima. Bi Pimbi akakaa chini. Alifikiria watoto wake, akafikiria mwamba usio na kitu cha kupika. Kisha wazo likaanza kumjia, dogo na la haraka, kama mawazo yake yote.

"Bi Kanga, dada yangu," alisema. "Hizi punje hakuna aliyeziona ila mimi na wewe. Ukihamisha konzi moja tu kutoka kushoto kwenda kulia, si zitakuwa zimefungwa vilevile?"

"Kwa kufunga huko," alisema Kanga, "ungemwajiri Nyani. Ana kamba zake."

Bi Pimbi akakasirika. Akamwambia maneno ambayo si lazima niyarudie mbele yenu. Kanga akayasikiliza mpaka mwisho, akaweka makopo yake juu ya rafu, akasema kesho atakuja mapema kwa kuwa kunaonekana kutanyesha.

Na kukanyesha. Gulio lilianza chini ya matone makubwa, na kabla uji haujachemka Mzee Tembo alikuwa amesimama mbele ya kibanda, maji yakimshuka mgongoni.

Bi Pimbi alikuwa ameamka na hila tatu tayari. Moja ilihusu panya, moja ilihusu ugonjwa wa shangazi, na ya tatu ilikuwa nzuri kuliko zote mbili. Alifungua kinywa aanze na ile ya tatu. Halafu akamwona Kanga amekaa kwenye kigoda, ameroa, kama mtu ambaye jana hakutukanwa. Akakifunga.

"Mtunza hesabu wangu atasema," alisema.

Kanga akasema yote: kilichoingia, kilichotoka, kilicholipwa, kilichokwenda kwa ndugu, na kiasi gani cha gunia kimepungua. Hakupamba na hakuomba radhi. Mvua ilikuwa inapiga majani ya paa, taa, taa, taa, na Bi Pimbi alikuwa anatazama sufuria zake kama mtu anayeaga.

"Na hao ndugu," aliuliza Mzee Tembo, "wataendelea kuja?"

"Wataendelea, Mzee," alisema Bi Pimbi. "Siwezi kuwafukuza. Ila kuanzia leo anayekuja kunywa anakuja na mzigo wa kuni, na kuni ninazonunua sasa sitazinunua tena. Bi Kanga anasema kwa njia hiyo gunia litarudi wakati wa mavuno, si kabla."

Mzee Tembo akamgeukia Kanga. Kanga akaitikia kwa kichwa.

"Nimevizungukia vibanda vyote vya gulio hili," alisema Mzee Tembo. "Kila mahali nimeambiwa faida, na kila mahali nimetoka mikono mitupu. Hapa nimeambiwa pungufu, na nimeambiwa litajazwa lini." Akapumua, mabakuli yakatikisika. "Mavuno, basi. Kibanda kikae."

Bi Pimbi akashika upawa, akampimia bakuli kubwa kuliko yote, akampa kwa mikono miwili. Mzee Tembo akanywa uji wote kwa mvuto mmoja, akasema una ukwaju wa kutosha, akarudisha bakuli, akageuka kwenda zake.

Kanga akakohoa kidogo.

Mzee Tembo akasimama. Akafikiri. Akarudi, akalipa.

Hapo ndipo maneno yangu yanapokomea, wanangu: hesabu zako mpe yule atakayekuambia usilotaka kusikia, wakati bado unaweza kulitengeneza.